Skrubu za Dada Yangu Zimo Ndani ya Taya Langu

Admin, jina langu lifunike vizuri, maana Garissa ni ndogo na watu wake wana masikio marefu. Mimi ni ajuza wa miaka sabini na kitu. Kitambulisho kinasema nilizaliwa tarehe mosi Januari, lakini hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa ya kila mzee wa huku, kwa hiyo msiitegemee. Kiswahili nilijifunza kwa kuwauzia maziwa walimu waliokuja kutoka Kenya. Ndivyo tulivyosema, kana kwamba sisi tulikuwa ng'ambo. Simu hii ni ya mjukuu, maneno ni yangu.

Sina meno manne ya mbele, ya juu. Niliyapoteza wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa porini waliopigana na serikali, nikiwa msichana. Tangu hapo nikicheka naziba mdomo kwa mtandio, na wajukuu wanadhani ni haya tu. Mwaka jana dada yangu mdogo, wa tumbo moja, akaniambia, "Abaayo," ndivyo tunavyoitana sisi dada, "imetosha. Nitakulipia meno." Si yale ya kuvua usiku na kutia kwenye glasi. Haya ni ya kupandikiza: daktari wa Nairobi anakufungia skrubu ndani ya mfupa wa taya, unasubiri miezi mpaka mfupa uzishike, ndipo meno yanafungwa juu yake. Nililia kwa furaha nikamwombea dua ndefu. Skrubu ziliingia, mfupa umezishika, na wiki ijayo naenda kufungiwa meno.

Sasa niwarudishe nyuma. Wakati ule tulikusanywa katika kijiji kimoja karibu na kambi ya askari, sisi wafugaji tuliozoea kufuata mvua popote. Ukitoka bila ruhusa unajitafutia balaa, na ukimpelekea mtu wa porini chakula ndiyo zaidi. Mimi nilikuwa nimechumbiwa, na mchumba wangu alikuwa huko porini na wenzake. Nikimngoja nilisuka haan yangu ya harusi, chombo cha maziwa cha nyuzi za mizizi, nikaishonea simbi shingoni. Mwanamke wa kwetu hawezi kuikosea haan aliyoisuka mwenyewe. Basi ikapotea. Niliitafuta mpaka nikachoka.

Asubuhi moja askari wakatupanga uwanjani. Mmoja akainua haan juu, akauliza, "Hii ni ya nani?" Wanawake wote wakatazama chini. Wao walishaelewa. Mimi mjinga nilifurahi, wallahi! Nilinyoosha mkono nikasema kwa Kiswahili changu kibovu cha wakati ule, "Ni yangu, afande, ilibotea." Kumbe waliiokota porini, kando ya moto wa shifta, bado ina maziwa. Wakaniuliza nilimpelekea nani. Niliapa sijui, na kweli sikujua. Nilijibiwa kwa kitako cha bunduki.

Dada yangu alikuwa amesimama nami bega kwa bega. Naye alitazama chini kama wengine. Baadaye ndiye aliyenisukutua kwa maji ya chumvi na kuninywesha uji kidogo kidogo, na kwa hilo nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Vita vilipoisha mchumba akarudi. Alinitazama mara moja tu. Wazee wake wakaja, wakasema kwa adabu kwamba wangependelea mdogo wangu. Nikamwambia baba, "Mpe. Nani anataka bibi harusi kibogoyo?" Mikeka ya nyumba yao niliisuka mimi. Baadaye nikaolewa na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, nikazaa, nikashukuru. Sikumlaumu mtu. Nililaumu mdomo wangu.

Wiki iliyopita dada alikuja nyumbani. Anakwenda Hija, na anayekwenda Hija hupita kwa jamaa zake akiomba radhi. Ni desturi, mtu hujibu bila kufikiri kama anavyoitikia salamu. Akasema, "Kama nilikukosea, nisamehe." Nikacheka. "Nimekusamehe, dunia na akhera. Kunywa chai."

Hakunywa. "Usinisamehe usichokijua," akasema. Ndipo akaniambia. Haan aliichukua yeye. Alikuwa akimpelekea maziwa mchumba wangu, na walishakubaliana wao wawili kabla meno yangu hayajaguswa.

Swali lililonitoka lilikuwa moja tu. "Kwa nini haan yangu?"

"Yangu ilikuwa inavuja, abaayo."

Jamani, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikiusema huo msemo kwa ajili ya watu wengine. Yule mwanamume simlilii, alishakufa, Mungu amrehemu. Kinachoniuma ni yale maji ya chumvi. Kinachoniuma ni kwamba aliniona maisha yote nikiziba mdomo kwa aibu, akijua sikuachwa kwa sababu ya meno, akaniacha niamini hivyo.

Nilimpigia daktari nikamuuliza kama skrubu zinaweza kutolewa. Akacheka. "Mama, hizo sasa ni zako. Kuzitoa ni kuuvunja mfupa." Watoto wangu wakiniona nasita kwenda Nairobi wanadhani naogopa sindano. Siwezi kuwaambia, maana dada huyu ndiye aliyewabeba mgongoni nilipokuwa nikihangaika na maziwa ya kuuza. Naye anapiga simu kila siku analia. Anasema hapandi ndege mpaka nilitamke tena lile neno, safari hii nikiwa najua.

Mimi nampenda bado, na hilo ndilo linalonikasirisha. Ile samahani niliyoitoa huku nikicheka, inahesabika au haihesabiki? Na kama haihesabiki, nitoe nyingine, au nimwache abaki na mzigo wake kama nilivyobaki na pengo langu? Nipeni shauri, hasa ninyi mlio na dada. Ndege haingoji, na nikilala ulimi unagusa zile skrubu.