Siku Niliyovikataa Vifuu

Juzi nilipita Mji wa Kale, nikaona duka limepanga mifuko ya mkaa wa vifuu vya nazi. Nikasimama pale mlangoni, nikawa tena mtoto wa miaka tisa, viganja vyeusi tii.

Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyenilea, na kazi yake ilikuwa kupika mkate wa kumimina. Wewe uliyekulia pwani waujua: mchele uliosagwa, tui, hamira, iliki, kisha moto chini na moto juu ya kifuniko, mpaka uso uwe rangi ya hina. Moto wake haukutoka dukani. Kila nyumba mtaani ilikuna nazi, na vifuu vyote vililetwa barazani kwetu. Aliyeleta hakulipwa, Ijumaa alipelekewa kipande cha mkate, bado kinafuka moshi. Mimi nilivianika darini, nikapepea jiko. Tulikula, tukavaa, wala hatukubisha mlango wa mtu.

Lakini nilivichukia vifuu. Mwalimu alikuwa akitukagua mikono, na wenzangu wakaniita Makaa.

Miaka ile nchi ilikuwa imejitawala juzijuzi. Mjomba wangu, karani bandarini, akaja na stovu ya mafuta ya taa, mpya, yang'aa.

"Mama, tumepata uhuru na wewe bado wapuliza vifuu?"

Bibi akacheka, akipangusa majivu. "Uhuru wangu mimi ndio huu. Anayekuuzia moto ndiye atakayekwambia siku ya kula."

Hata hivyo moshi ulikuwa umemwingia kifuani, akikohoa mpaka akishika ukuta. Tukamsihi, mimi zaidi. Akakubali kuijaribu. Stovu haina moto wa juu, kwa hivyo akauacha mkate, akaanza kukaanga mahamri.

Asubuhi ya pili, bila kutumwa na mtu, nilipita nyumba kwa nyumba nikitangaza: bibi hataki tena vifuu. Jirani wa mkabala, mwenye ulimi wake, akashika kiuno.

"Ehee! Mumeshakuwa Wazungu! Haya, mwambie bibi yako asije kutuomba hata makumbi ya nazi."

Jioni vifuu vya mtaa mzima vilikuwa kwa dobi wa pembeni, aliyepiga pasi kwa makaa. Bibi alipopata habari hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniuliza, mwanangu."

Haikupita miezi mingi, mafuta ya taa yakaadimika. Nilisimama foleni na kibati mkononi, muuzaji akitikisa kichwa. Siku ya tatu unga uliokandwa ukachacha bakulini. Nikamwambia bibi niende kwa dobi nikavidai vifuu vyetu.

"Si vyetu," akasema. "Dobi naye ana watoto. Kilichokataliwa mlangoni hakifuatwi."

Wateja wakazoea kwingine. Mafuta yaliporudi, wao hawakurudi. Mwishowe mjomba akatuhamishia kwake Ganjoni, nyumba ya stima, yenye jiko la kubonyeza. Mkewe alikuwa mtu mwema, ila jiko lilikuwa lake. Bibi, aliyelisha mtaa, akawa wa kuletewa chai. Kila alipoletewa alisema "Ahsante" kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia Mji wa Kale.

Alipofariki tulisogeza kitanda chake tufagie. Chini yake kulikuwa na vifuu vya nazi za jikoni mle, alivyokuwa akiviokota kwenye taka, vimepachikwa kimoja ndani ya kingine, vikavu kabisa. Nyumba ile haikuwa na jiko la kuvitia.

Siku hizi nazi nainunua imeshakunwa, na kifuu chake sijui kimeishia wapi. Gesi ikiniishia katikati ya mchuzi, nazima redio, nikasubiri mlio wa pikipiki ya kijana wa gesi. Stima ikikatika, nakaa kitako kama majirani zangu, kila mtu na giza lake, na sina kitu cha kumpelekea yeyote Ijumaa. Hapo ndipo nimsikiapo bibi akipangusa majivu.

Ule mkaa niliununua, mfuko mmoja. Muuzaji akaniuliza, "Wa kuchomea nyama, mama?" Nikaitikia, kwani ningeanzia wapi kumweleza?

Uko chini ya kitanda changu.