Watu Thelathini na Mmoja Walionitaja

Nakumbuka siku moja, Jumapili baada ya adhuhuri, nilifika kwa Shangazi Mwanasha kule Mwabungo nimevaa kanzu mpya, nimekumbatia bahasha kubwa kama mshenga aliyeleta posa. Ndani mlikuwa na kurasa za watafiti thelathini na mmoja, wa nchi mbalimbali, walioitaja makala yangu katika makala zao.

Mwanangu, wewe unayeamka na kufungua simu kutazama umenukuliwa mara ngapi hata kabla hujanawa uso, kaa kidogo unisikilize. Ugonjwa huo niliuugua zamani, tena vibaya.

Nilikuwa mtafiti kijana wa vinasaba. Nilichunguza minyoo ya kichocho, ule ugonjwa unaowafanya watoto wakojoe damu. Sampuli nilizichukua kwa wanafunzi wa upande wa Ramisi, nikazipima katika maabara ndogo Msambweni. Wenzangu walikwisha kuchapisha makala sita, saba. Mimi nilikuwa na mbili, na katika moja jina langu lilikuwa la tisa, karibu na shukrani kwa dereva. Basi nilipoona kipande cha kinasaba kisichofanana na cha mnyoo yeyote niliyemjua, sikurudia kipimo. Niliandika kwamba Ramisi kuna kichocho kipya, na kwamba huenda hakisikii dawa. Jarida moja lenye haraka kama yangu likaichapisha.

Nikaanza kutajwa. Kila wiki nilikwenda saiba ya Ukunda, duka la kulipia intaneti, kuhesabu, na kila jina likiongezeka nilichapa ukurasa wake. Kusoma sikusoma. Nilikuwa na haja na hesabu tu, maana nilikuwa naomba cheo.

Siku hiyo, tulipokwisha kula pilau, nilimwaga karatasi mkekani. Pamoja nazo nilikuwa na nakala ya barua ya ofisa wa afya wa Matuga: kwa sababu ya makala yangu, alikuwa amesimamisha dawa ya kichocho katika shule za Ramisi. Hiyo nayo niliileta kwa kujivuna.

Ami yangu, aliyekula nasi siku hiyo, alisema, "Mashallah! Mpaka Wajapani wanamtaja!"

Shangazi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa nne. Akanitazama.

"Mwanangu, hawa wamekutaja kwa heri?"

"Kutajwa ni kutajwa, Shangazi."

"Huyu anasema, 'kama alivyodai kimakosa.' Huyu anasema, 'mfano wa sampuli iliyochafuka.' Huyu wa Japani anawatumia wanafunzi wake makala yako ili wajue jambo la kutofanya."

Ami akauliza taratibu kama Wajapani bado ni wa kushangiliwa.

Shangazi akaichukua ile barua ya Matuga. "Na watoto wa Ramisi wakikojoa damu, utawapelekea karatasi hizi wajipanguse?"

Mwanangu, nilizikusanya karatasi zile moja moja, nikazirudisha bahashani.

Kesho yake nilirudia kipimo pamoja na Mutua, fundi wa maabara, kijana wa bara aliyehamia Ukunda. Alilinganisha kile kipande na vinasaba vya viumbe wengine, kazi niliyopaswa kuifanya mimi mwanzoni kabisa. Akasema, "Daktari, hii si minyoo. Hii ni kuku, manze."

Nilikuwa nikila mezani pa kazi, ili nisipoteze muda.

Nilikwenda Matuga siku hiyohiyo. Ofisa alikuwa mama mmoja asiyecheka, Bi Zuhura. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa woga, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kuku wa kienyeji au wa gredi?" Nikasema sijui. "Basi na hilo pia hukulichunguza," akasema, akachukua kalamu kuandika dawa zirudishwe. Zilirudi wiki ileile.

Niliandikia jarida waiondoe makala. Cheo nikakikosa, nikakingoja miaka minne. Aibu ilikuwa kubwa, lakini nilipopita Ramisi sikuhitaji kuangalia pembeni.

Basi mwanangu, nakusihi. Rudia kipimo hata kama mwenzako amekwisha kuchapisha. Soma wanachosema wanaokutaja, usihesabu tu. Ukikosea, nenda ukaseme kwa mdomo wako, mapema, kwa yule atakayeumia kwa kosa lako. Na chakula ukile jikoni.

Mola akupe macho ya kuona kilichopo, si unachokitamani. Akupe watu wa kukusomea usichotaka kusoma, na kila mgonjwa atakayeguswa na kazi yako apone, hata asipolijua jina lako. Amina.