Kima wa Jozani na Pikipiki ya Baba Yako

Kuna siku moja haijanitoka, mwanangu Nassor, nayo ni mkesha wa Sikukuu ya Idi, mimi bado msichana na baba yako ndiyo kwanza ndevu zinamtoka. Jana nilipopita ukumbini nikakuta umeifungua pikipiki yako ya mbio, spana zimetapakaa juu ya gunia, na mkeo Rukia amesimama mlangoni anachagua vitambaa vya kufutia, nilishindwa kupita, nikakaa kwenye ngazi. Ulinicheka, ukasema shangazi ameanza kuzeeka. Kuzeeka nimezeeka, lakini si hilo lililonikalisha.

Wewe umekua ukiambiwa kwamba lile kovu la goti la baba yako, na ule mguu anaouburura kidogo akichoka, ni kazi ya kima punju wa msituni aliyemkatizia barabara kule Jozani. Nyote mmekua mkiambiwa hivyo. Mlipokuwa wadogo, tukipita pale mlitoa vichwa dirishani mkauliza ni kima yupi. Basi leo nakwambia, kwa kuwa imeingia tena pikipiki ndani ya nyumba hii: hapakuwa na kima.

Pikipiki ile aliletewa na mjomba wetu aliyekuwa Maskati. Ilikuwa nyekundu, imeinamia mbele, na mtaani kwetu hapakuwa na nyingine ya namna ile. Fundi wa kuielewa hatukuwa naye, kwa hiyo baba yako alijifundisha mwenyewe, hapo hapo ukumbini nyuma ya mlango mkubwa, na mimi nikimshikia tochi. Nilijua kukaza mnyororo na kuubakishia ulegevu kidogo wa kuchezeka kwa kidole. Nilijua oili ya injini humwagwa ingali na joto. Bibi yetu Zuwena, aliyetulea, alikuwa akisema hakuna atakayenioa nikinuka petroli. Marehemu mume wangu alipokuja kuposa alinikuta na oili kwenye kucha, na akaoa vivyo hivyo.

Kazi ambayo Bibi hakumwachia mtu ni mlango. Kila Sikukuu ikikaribia, misumari ya shaba ya mlango wetu aliisugua kwa ndimu na majivu, kisha mbao akazipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma kwa chuma wala kwa mti. Mkesha ule baba yako aliiosha pikipiki, akaiacha ukumbini, akaenda zake kunyoa. Unazijua sahani za breki, yale maduara ya chuma yanayozunguka na gurudumu, ambayo pedi huyabana ili lisimame. Zikilowa katika hewa hii huvaa kutu nyembamba upesi, na kutu hiyo si kitu, ukibinya breki njiani imeondoka. Bibi hakulijua hilo. Aliona kutu kwenye chombo cha mjukuu wake, Sikukuu ni kesho, na kikombe cha mafuta ya nazi anacho mkononi.

Asubuhi, baada ya sala na chai, baba yako aliisukuma pikipiki vichochoroni bila ya kuiwasha, kama alivyozoea kwa heshima ya wazee, akaenda kuiwasha barabara kubwa. Alikuwa anakwenda Kizimkazi kuwapa jamaa zetu mkono wa Idi. Mimi nilikuwa jikoni napakua tambi. Bibi akaja akasimama karibu yangu, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Leo mjukuu wangu anang'aa," akanambia. "Nshampakia mafuta pikipiki yake, mpaka zile sahani za mbele. Zilikuwa zishashika kutu."

"Na ya nyuma, Bibi?"

"Ya nyuma skuifikia. Iko upande wa ngazi."

Niliweka sahani ya tambi chini nikatoka mbio, buibui halijakaa sawa, mpaka barabarani. Alikuwa keshaondoka. Simu za mkononi wakati ule hatukuwa nazo, na gari ya kumfukuzia ningeitoa wapi asubuhi ya Sikukuu? Nikarudi nyumbani nikaendelea kupakua. Wageni wakaingia, wakala, wakanywa kahawa na halua, na mimi nawachekea huku masikio yangu yako nje. Niliogopa, mwanangu. Nilijiambia huenda mafuta yamekauka, huenda ameligundua mapema, huenda anakwenda polepole. Halafu nikakumbuka kwamba baba yako polepole haijui. Bibi akaniuliza mbona sili, nikamwambia nimeshiba.

Baada ya Alasiri akarudishwa na gari ya mizigo, pikipiki imelazwa nyuma, goti lake limefungwa kanga ya mtu asiyemjua. Kabla hajaingia ndani alinieleza kwa sauti ya chini. Mjini alikwenda taratibu kwa ajili ya watu, akawa anatumia breki ya nyuma tu, hakuona kitu. Kwenye kona ya Jozani ndipo alipowakuta watoto wa Sikukuu wanavuka barabara, wameshikana mikono, wamevaa nguo zao mpya. Akaibinya breki ya mbele kwa nguvu zake zote, na pikipiki ikaenda vile vile. Akaielekeza msituni. Watoto hawakuguswa.

Nikamwambia habari ya mafuta ya nazi. Aliegemea ukuta.

"Usimwambie Bibi," akasema. "Akijua, hatolala tena maisha yake."

Akaingia ndani akichechemea, akasema ni kima.

Sitaki umlaumu baba yako kwa hilo, alimpenda bibi yake kuliko goti lake. Bibi aliwalaani kima wote wa Jozani, wakubwa na wadogo, akawa anamkanda mguu asubuhi na jioni. Mguu ulipopata nafuu tukaishughulikia pikipiki. Sahani tulizisafisha kwa petroli na kuzipitisha msasa. Pedi za breki tulizitupa tukaweka nyingine, maana pedi ikishanyonya mafuta haisafishiki, usije ukajidanganya. Tukaijaribu kichochoroni, ikashika vizuri. Nikadhani yamekwisha.

Asubuhi ambayo baba yako alikuwa atoke nayo tena kwa mara ya kwanza, niliteremka kabla yake. Bibi alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, kikombe pembeni, anasoma dua kimoyomoyo huku kitambaa kinazunguka juu ya sahani ya breki.

"Shikamoo, Bibi. Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nnampakia vizuri zaidi. Safari hii ing'ae, kima wamwone tangu mbali."

Juu nilisikia baba yako anaweka kikombe cha chai, kisha miguu yake inaanza kushuka ngazi, funguo zinalia. Nikasema. Nilisema yote, mafuta, watoto, msitu, nimesimama pale pale, na maneno yalitoka ovyo kuliko nilivyotaka.

Bibi hakulia. Alikikunja kitambaa, akakifunika juu ya kikombe, akaita, "Suleiman."

"Naam, Bibi."

"Njoo ukae."

Baba yako akanitazama, akajua, akakaa chini sakafuni.

"Mmenionea huruma," Bibi akasema. "Mkanifichia kosa langu, kisha mkaniachia kitambaa mkononi. Leo ningekuua, mjukuu wangu, na dua nnakusomea. Hiyo ndiyo huruma gani?"

Nimekemewa na watu wengi maishani, walimu, wakwe, majirani, na hakuna maneno yaliyoniingia kama yale, na hata sauti hakuipandisha.

Kisha akanyoosha mkono wake. "Haya, nioneshe. Kipi kinapakwa na kipi hakiguswi?"

Baba yako akamshika kidole akakitembeza juu ya chuma. Bodi, alimwambia, futa upendavyo. Mnyororo una mafuta yake, niachie mimi. Sahani hizi na pedi zake, hata tone usitie. Bibi akarudia kila neno nyuma yake kama mtoto wa chuo cha Kurani. Siku ile pikipiki haikutoka, ilifunguliwa upya. "Na huyo kima," Bibi akasema alipokuwa anainuka, "watu wa nje waachieni. Humu ndani isemwe kweli."

Tangu hapo akawa na desturi yake. Baba yako akitaka kutoka, Bibi anasimama mbele ya mlango na kusema, "Hebu ibinye nione." Baba yako anaisukuma kidogo, anabinya breki ya mbele, gurudumu linasimama, anajaribu na ya nyuma, ndipo anafunguliwa. Macho ya Bibi yalipoingia kiza, akawa anasema, "Ibinye nisikie." Alipofariki, baba yako aliiuza pikipiki ile, nyinyi mkazaliwa, na kwa kuwa kweli haikuwa na kazi tena, kima ndiye aliyebaki.

Sasa ina kazi, mwanangu. Pikipiki yako hailali gereji, inalala ukumbini wanakopita watu wote wa nyumba hii, na hewa ni ile ile. Ukishakaza nati ya mwisho, usiseme umemaliza. Mwite aliyemo ndani umwoneshe kwa kidole kisichoguswa. Na kabla mlango haujafunguliwa, isukume ubinye breki zote mbili, hata kama jana umezitengeneza kwa mikono yako, kwa sababu usiku kucha imekaa na watu wanaokupenda. Na mtu wako akikosea kwa mapenzi, mwambie siku hiyo hiyo, kwa upole. Usimtungie kima.

Rukia nimemwona leo na chupa ya mafuta ya nazi. Sikukuu imekaribia, na mlango sasa ni wake. Nimemwomba asishike kitu mpaka uje, na amenitazama akadhani ni kweli nimezeeka.

Mwenyezi Mungu akufikishe uendako, Nassor, akurudishe kwa mlango huu huu, na wanaokupenda awape kujua kama alivyowapa kupenda. Haya, kamwite mkeo. Mimi nimekaa hapa kwenye ngazi, na macho yangu nayo si ya zamani. Ibinye nisikie.