Mwito wa Jioni Juu ya Duka la Mabati

Watu huniita daktari, nami nimechoka kukataa. Mimi ni mshauri nasaha. Kazi yangu ni kuketi na wafanyakazi wa misaada, wale wanaopeleka chakula na dawa mahali ambapo watu wote wenye akili zao wanapakimbia, na kuwasaidia kuutua mzigo wa hofu kabla hawajarudi kuubeba tena. Mashirika huwaleta Nakuru kupumzika kwa sababu hewa ni nzuri na hoteli hazichuni ngozi kama za Nairobi. Katika ratiba yao mimi hupangwa kati ya chai ya saa nne na safari ya kwenda kuangalia vifaru.

Ofisi yangu iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Hakuna aliyenilazimisha. Mwenye jengo, mzee wa Kihindi aliyezaliwa papa hapa mjini na anayeongea Kikuyu kunishinda, alinionyesha chumba siku ya Jumapili, duka likiwa limefungwa na mtaa umetulia. "Daktari, hapa customer wako watapata peace," aliniambia, nami sikujiuliza kwa nini chumba kizuri hivyo kilikuwa kimekaa bila mpangaji. Jumatatu asubuhi lori la kwanza lilikuja kupakua mabati. Nilikuwa nimeshalipa kodi.

Nikajaribu kuziba kosa kwa mapambo. Nilinunua zulia, mmea wa plastiki, picha ya maporomoko ya maji, na kimashine kinachotiririsha maji mchana kutwa, ambacho muuzaji aliniapia kwamba hutuliza akili. Kazi yake kubwa imekuwa kuwapeleka wateja chooni. Tena ninayo sauti ya kazini, ya chini na ya polepole, niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu husema inafanana na sauti ya mtu anayeuza shamba lenye kesi.

Huyo mke wangu yuko Kanada. Alienda kumsaidia binti yetu kulea mtoto kwa miezi michache, na sasa mtoto huyo anaenda shule na kuvaa viatu mwenyewe. Nyumba yetu ya Kiamunyi nimebaki nayo mimi na kuku. Lakini hatujaachana hata kidogo. Kila siku, mimi nikitoka kazini na yeye akimaliza kazi zake za asubuhi, mmoja wetu huandika "Uko?" na mwingine hujibu "Niko." Nilikuwa najivunia utaratibu huo kiasi kwamba niliutolea mfano katika mafunzo yangu. Niliwaambia vijana wa misaada kwamba hivyo ndivyo ndoa inavyovuka bahari.

Sasa, siku moja nililetewa kikundi kilichokuwa kimetolewa nchi jirani baada ya risasi kuzidi. Tuliizunguka meza yangu kubwa, nikawaomba wafumbe macho. Hawa ni watu wasiofumba macho mbele ya mtu wasiyemjua, kwa hiyo nilifumba yangu, ili niwe mfano. "Vuta pumzi," nikasema kwa ile sauti ya shamba. "Ishikilie. Sasa iachilie, na ujue kwamba hapa uko salama."

Hapo ndipo mabati yalipoanguka. Lilikuwa bunda zima, kutoka juu ya lori hadi kwenye saruji. Mimi kelele hizo nimezizoea. Sikushtuka, niliendelea na "vuta tena," na hata nikajisifu moyoni kwa utulivu wangu. Nilipofumbua macho, viti vyote vilikuwa vitupu. Watu wote walikuwa chini ya meza, kimya, wamejipanga vizuri na mikono juu ya vichwa, na mimi nilikuwa nimebaki juu nikifundisha viti kupumua.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamume ikitoka huko chini, haina haraka.

"Dereva?"

"Niko."

"Nesi?"

"Niko."

"Mtu wa store?"

"Niko."

Alikuwa mtu wao wa redio. Kule kwenye hatari, kila jioni mtu wa redio huwaita wafanyakazi wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja hujibu kwamba yuko. Asiyejibu hutafutwa. Mtu huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka. Aliwaita wote walio chini ya meza, kisha akauliza, "Na daktari?"

"Niko," nikajibu kutoka juu, na ile sauti yangu ya kazini sijui ilikuwa imekimbilia wapi.

Walitoka chini ya meza wakicheka, nami nikacheka nao. Kwenye ripoti ya shirika niliandika kwamba washiriki walishiriki kikamilifu.

Wiki iliyofuata mtu wa redio alirudi peke yake. Ni mwanamume wa makamo, mzito wa mwili, mwenye boma lake kule Rongai, na aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mke wake alikuwa amewachukua watoto na kwenda kwa mama yake Elburgon, na alikuwa amesema hatarudi mpaka mwito wa jioni ukome.

Maana mwito alikuwa amekuja nao nyumbani. Kila jioni, kuku wakiingia bandani, alisimama sebuleni akaita. Watoto walijibu wakiwa wanaandika homework. Mke alijibu akiwa anaoga, na asipojibu haraka mlango wa bafu ulitikiswa. Jioni moja binti yao mkubwa alichelewa mazoezi ya kwaya. Baba alienda mpaka kanisani, akasimama mlangoni, akamwita kwa sauti ya redio katikati ya wimbo. Kwaya nzima ilinyamaza, na binti akajibu "niko" mbele ya wavulana wa besi. Kwa wiki nzima hakuongea na baba yake.

"Leave yangu inaisha hivi karibuni," aliniambia. "Nikirudi huko kabla yeye hajarudi nyumbani, daktari, sina bibi tena. Huyo namjua."

Nilimhurumia kweli. Halafu nikamtibu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilimwambia akomeshe mwito mara moja. Jioni ikifika ajishughulishe: amwagilie sukuma wiki, atembee hadi barabarani, avute pumzi kama nilivyomfundisha. Nilimchorea hata picha ya ubongo ubaoni nikamwonyesha mahali hofu inapokaa. Picha ilitoka kama kiazi. Aliitazama kwa heshima, akauliza kama hiyo ni ramani.

Alinitii, maskini. Alimwagilia sukuma mpaka shamba likawa tope. Hakumpigia mtu yeyote simu. Lakini jioni moja miguu ilimshinda, akapanda gari mpaka Elburgon, akasimama ng'ambo ya barabara kuitazama nyumba ya mama mkwe wake, ili awaone tu watoto wakipita dirishani kisha arudi. Hakuthubutu kubisha. Mtu haendi kwa mkwewe hivi hivi, mikono mitupu, bila kualikwa, jioni. Kwa hiyo alijibanza nyuma ya rundo la magogo. Elburgon ni mji wa mbao, na mtu aliyejibanza nyuma ya magogo jioni ana maana moja tu. Majirani walimfukuza kwa mayowe ya mwizi, na aliyetoka na tochi kuwasaidia alikuwa mama mkwe.

Kesho yake simu yangu ililia. Alikuwa mke wa mtu wa redio.

"Wewe ndiye daktari wa mzee wangu?"

"Ndiyo mama."

"Ni wewe ulimwambia aende akajifiche kwa gate ya mamangu?"

"Hapana mama, mimi sikumwambia hivyo."

"Sasa ulimwambia nini?"

Nilifikiria sukuma wiki na kile kiazi cha ubaoni, nikaona heri nimwalike aje.

Walikuja wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, wakaketi wakiwa wameacha kiti kitupu katikati. Mke alikuwa mwanamke mwembamba mwenye leso begani na macho yasiyokwepa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kufungulia kikao, mazuri, kuhusu mawimbi na nanga. Nikavuta pumzi niyaanze.

"Daktari, samahani," akasema. "Wacha niseme, halafu utasema yako. Mzee anafikiria nimechoka kuitwa. Mimi sijachoka kuitwa. Kuitwa ni vizuri. Lakini huyu mtu ananiuliza kama niko. Nikisema niko, amemaliza, ameenda kwa mtoto. Hajawahi kuniuliza niko aje, hali yangu ni gani. Niko, sawa. Hata hii meza iko."

Kimashine kilitiririsha maji. Mume aliangalia mikono yake, nami nilikuwa nimesahau mawimbi yote.

"Kulikuwa na dereva," akasema, akiwa bado anaiangalia. "Jioni moja nilimwita hakujibu. Nikamwita tena. Nilimwita mpaka wakanitoa kwa hiyo kiti. Gari ilipatikana. Yeye hapana. Sasa mimi nikisikia mtu amesema niko, nguvu zinaniishia hapo. Swali la pili sina nguvu yake. Na ukiniambia uko vibaya na mimi niko huko mbali, nitafanya nini?"

Mambo hayo hakuwahi kuniambia mimi, pamoja na zulia langu lote. Nilisikia uchungu ambao chuoni walitukataza tusiuonyeshe. Ili nifanye jambo, nilimsukumia boksi la tishu. Lilikuwa tupu. Mke aliliangalia boksi, akaniangalia mimi, kisha akavuta leso yake na kumfuta mumewe uso bila kumbembeleza, kama anavyofutwa mtoto anayechelewa shule.

"Hutafanya kitu," akamwambia. "Utasikia tu. Niulize."

"Saa hii?"

"Unangoja redio?"

Akageuka kwenye kiti, mzee wa watu, jasho likimtoka.

"Uko aje?"

Mke akamwambia. Alikuwa na jino lililomsumbua tangu mvua za kwanza. Alikuwa anaogopa habari za jioni, kwa hiyo nchi ile ikitajwa alikuwa akizima televisheni na kuwadanganya watoto kwamba waya umelegea. Alilala na simu kifuani. Na alipoondoka kwenda Elburgon alikuwa ametumaini kwamba atafuatwa, lakini afuatwe mlangoni, si nyuma ya magogo. Aliongea mpaka saa ya kikao ikaisha, mteja mwingine akabisha hodi nami nikamrudisha. Mume alisikiliza yote. Mwishoni niliona midomo yake ikianza kusema "imepokelewa," kama kwenye redio, ikajizuia.

"Pole," akasema badala yake.

Walipoinuka, kile kiti cha katikati kilikuwa kimesogezwa kando na sikuwa nimeona ni nani aliyekisogeza. Mke aliniambia kwamba Jumamosi atawarudisha watoto Rongai. Mwito uendelee, lakini usiishie kwenye swali la kwanza, na kanisani asikanyage tena wakati wa mazoezi. Kisha akanishukuru kwa kazi nzuri. Kazi yangu yote siku hiyo ilikuwa boksi tupu la tishu, na shirika lilinilipa kama kawaida.

Niliendesha gari mpaka Kiamunyi nikiwa na raha. Nilikuwa nishaanza kupanga jinsi nitakavyolisimulia jambo hilo kwenye mafunzo, nikilifanya langu kidogo. Nilikuwa bado kwenye gari, mbele ya lango langu, simu ilipotoa mlio.

"Uko?" mke wangu alikuwa ameandika.

Kidole gumba kilikuwa kimeshaanza kuandika jibu. Nikakiangalia. Nilirudi nyuma katika ujumbe wetu, nikapandisha na kupandisha, wiki hizo, miezi hiyo, na kote kulikuwa na uko, niko, uko, niko, na hapa na pale picha ya mtoto. Huo ndio mfano niliokuwa nikiwapa vijana. Nilijisikia vibaya sana, na hakukuwa na mtu wa kumsukumia boksi. Nikampigia.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ni wewe. Ni pressure?"

"Hapana, mama. Nilitaka tu kujua uko aje."

Nilisikia bomba la maji likifungwa.

"Uko na mteja hapo?"

"Niko peke yangu kwa gari."

"Sasa mbona unatumia ile sauti ya shamba?"

Nikakohoa. Ilinichukua muda kuipata sauti yangu nyingine, na ilipotoka ilikuwa imekwaruza.

"Uko aje?" nikamuuliza tena.

"Ngoja," akasema. "Ngoja nikae." Na huko Kanada nikasikia kiti kikivutwa.