Maharage ya Karuba Hayaimbi

Nianze na jambo moja, na mwenye kubisha aje tubishane mlangoni kwangu: maharage ya Karuba hayaimbi. Nimeyapanda, nimeyala, nimeyapima kwenye mizani miaka mingi, na sijawahi kusikia punje hata moja ikitoa sauti kabla ya kuliwa. Yanayotokea baada ya kuliwa ni habari nyingine, na hiyo ni ya maharage ya dunia nzima.

Aliyeyasingizia maharage yetu ni Athanase, dereva, rafiki yangu. Nilimpenda wakati huo na nampenda hata sasa, lakini kwa neno hilo nilimnunia msimu mzima.

Athanase alizaliwa Lushebere, kwa wakulima wa maharage na mihogo kama sisi wote. Alipokuwa kijana alishuka Walikale kutafuta kazi ya koleo kwenye kambi ya madini, akarudi anajua kuendesha gari na kulitibu. Fundi wa kule alikuwa amemwambia kwamba gari ni mgonjwa asiyejua kusema, kwa hiyo ondoa sababu moja, halafu nyingine, mpaka ibaki ile ya kweli. Athanase alilishika neno hilo kuliko katekisimu. Mkewe Béata alikuwa akisema kwamba uji ukiungua nyumbani, bwana huyo hukagua kuni, halafu sufuria, halafu mawe ya jiko, na mwisho kabisa ndipo anapouliza nani alikuwa anakoroga.

Miaka ya hamsini ilipoanza, aliajiriwa na mzungu mmoja mnunuzi wa mazao pale Sake. Sisi tulimwita Bwana Haraka, kwa sababu neno hilo ndilo alilolijua vizuri zaidi katika Kiswahili chetu. Mimi, Sebarenzi, nilikuwa mpimaji wake. Bwana Haraka alikuwa na kamioneti moja, gari dogo la mizigo, na Athanase alimbembeleza mpaka akakubali ipande Karuba, kijiji cha wakwe zake, kuchukua maharage.

Msiione hiyo kama jambo dogo. Kabla ya gari hilo, wanawake wa Karuba walikuwa wakibeba maharage kichwani, wanapita Mushaki, wanashuka ule mteremko mpaka Sake. Mama Dancille, mama yake Béata, alikuwa amebeba hivyo tangu usichana wake, mpaka shingo ikagoma kugeuka kushoto. Ukitaka kumsalimu ilibidi umzunguke uje kwa kulia. Siku kamioneti ilipofika, vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya bonde, na Athanase akawa mkwe wa kijiji kizima.

Wanawake walipakia magunia yao, halafu wakafanya kikao wakamchagua Mama Dancille asafiri juu ya mzigo, eti alinde magunia yasipungue njiani. Yapunguzwe na nani? Na mimi, bila shaka. Mimi, mtoto wa Karuba, niliyebatizwa siku moja na wana wao! Nilikasirika, lakini mama yule alipanda akakaa, na tangu siku hiyo gunia la Karuba halikushuka bila yeye kuwa juu yake.

Mtauliza kwa nini mama mzima akae juu ya magunia na mimi nikae mbele kwenye kiti. Sasa nani amweke mama mkwe bega kwa bega na mkwe wake, na ule mkono wa kubadilisha vitesi, yaani gia, uwe unapita karibu na magoti yake? Kwetu mkwe hamtaji mama mkwe jina, hali naye chakula, na akikutana naye njiani anapisha. Mama naye hampigii mkwe kelele hata nyumba ikiungua. Kwa hiyo yeye alikaa nyuma, kichwa kimeegemea bati la kibanda chetu, na sisi tulikaa mbele, na heshima ikakaa katikati.

Basi, safari ya pili au ya tatu, tukiwa tunashuka kutoka Mushaki, Athanase akainua kidole.

"Sebarenzi, uko nasikia?"

"Nasikia nini?"

"Ile sauti. Mmmmm."

Nikatega sikio. Kweli, gari lilikuwa linavuma. Mshale wa mwendo ulipopita thelathini, ile mmmmm ilianza chini chini. Ulipofika arobaini ikapanda kama sauti ya kwanza ya kwaya. Athanase akapunguza, ikanyamaza. Akaongeza, ikarudi.

"Hii iko mugonjwa," akasema, na uso wake ukang'aa kwa furaha. Mtu huyu alipenda gari bovu kuliko zima.

Kosa lake likawa kumwambia Bwana Haraka. Mzungu alitoa sigara mdomoni. "Gari ikivunjika mulima ya Mushaki, mimi hapana iko na gari ingine. Tafuta ile sauti, haraka. Kama hapana pata, gari hapana panda Karuba tena!"

Hapo furaha ilimtoka Athanase. Gari lisipopanda Karuba, maharage yanarudi kichwani, na kichwa cha kwanza ni cha mama mkwe wake. Angemtazamaje Béata?

Akaanza kuondoa sababu. Alihamisha magurudumu ya mbele akayapeleka nyuma. Sauti ikabaki. Alifunga mlango kwa kamba, akakaza kila skrubu aliyoiona na nyingine ambazo nadhani hazikuwa za gari. Sauti ikabaki. Safari iliyofuata akasema labda ni moteri, na katikati ya mteremko, Mungu amsamehe, akaizima ili asikilize vizuri. Kamioneti ikaporomoka kimya, mizigo yote nyuma, na mmmmm ikapanda mpaka nikadhani bati litapasuka!

"Unaona?" akapiga kelele kwa ushindi. "Haiko moteri!"

Sikuona kitu, nilikuwa nimefumba macho.

Alimwomba Béata amuulize mama yake, kwa adabu, kama huko nyuma anasikia chochote. Jibu likaja kwa njia ile ile: "Sikusikia kitu. Miye nilikuwa nasali."

Akaja sasa na jaribio la mzigo. Alishuka na gari tupu, likanyamaza. Akapakia mawe uzito ule ule, likanyamaza. Akapakia maharage ya Lushebere, kwao, likanyamaza kama kanisa siku ya kazi. Akapakia ya Karuba, tukapita Mushaki, mmmmm!

Aligeuka akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Kaka, gari iko muzima. Iko maharagi yenu njo iko naimba."

"Maharagi?"

"Nimeondoa yote. Imebakia maharagi."

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Habari ya maharage kuimba ikafika masikioni mwa katekista wetu Straton, mtu wa busara zake, akatoa maelezo kwamba huenda ndani ya magunia mna fukusi wengi, na gari likitikisika wote wanalia pamoja. Fukusi! Kwenye maharage ya Karuba! Wanawake walimwaga magunia yote kwenye mikeka wakachambua punje kwa punje, Mama Dancille akiwa mbele yao, na hawakupata fukusi hata mmoja wa kuimba peke yake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Pale Sake watu walianza kuweka sikio kwenye sahani kabla ya kula.

Bwana Haraka akasema atakuja mwenyewe asikie kwa masikio yake, na siku hiyo ataamua.

Alikuja. Kwa kuwa mzungu alikuwa mnene na kiti ni kimoja, mimi nikafukuzwa nyuma, juu ya magunia, pamoja na Mama Dancille. Nikajipanga upande wake wa kulia, nikamsalimu, akaniitikia kwa jicho la mlinzi. Tukaondoka.

Tulipita Mushaki. Gari likashika mteremko, upepo ukaanza kutupiga. Nikamwona mama anashika kamba kwa mikono miwili. Akafumba macho. Akaegemeza paji la uso kwenye bati, hapo hapo nyuma ya kichwa cha Athanase, akabana midomo. Mwendo ukaongezeka. Na kutoka ndani ya mama yule, bila mdomo kufunguka hata kidogo, ikatoka: mmmmm.

Kona ikaja, sauti ikapanda. Ilikuwa Salamu Maria yote, mwanzo hadi amina, inapitia puani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami sikuwa nimejua kwamba mshindo wenyewe hupita kwenye bati. Nilitaka kucheka, nikaona machozi kwenye mashavu yake, kicheko kikaniganda. Mama huyu alikuwa anakufa kwa hofu kila siku ya soko, na anakufa kwa adabu.

Breki zikalia, tukasimama kwenye kona. Bwana Haraka akashuka, uso mweupe kuliko kawaida yake.

"Imekwisha!" akasema. "Mimi nasikia. Maharagi ya Karuba hapana panda gari yangu tena."

Athanase alisimama pembeni anaangalia viatu vyake. Mama Dancille akanigeukia.

"Anasema nini juu ya maharagi yetu?"

"Mama," nikamwambia polepole, "ile sauti yenye watu yote iko natafuta, njo weye."

"Miye? Kinywa yangu ilikuwa imefungwa!"

"Njo kwa kuwa imefungwa, Mama."

Nilimwona anahesabu moyoni: akikaa kimya, heshima yake inabaki na maharage yanarudi kichwani, akisema, aibu. Halafu akashuka kutoka juu ya magunia, taratibu, akazunguka mpaka mbele ya kamioneti. Hakumtazama mkwe wake. Alilitazama gari katikati ya taa zake mbili, akaliambia, tena kwa Kiswahili ili hata mzungu asikie:

"Wee gari! Miye sina neno na ule mwenye kukuendesha. Iko mutoto muzuri. Alioa vizuri. Ngombe alileta ilikuwa imekonda kidogo, lakini tulinyamaza. Neno yangu iko na weye. Juu ya nini unashuka hii mulima kama mbuzi imeona chui? Kila siku ya soko unaniua. Nanyamaza, juu mama mukwe hapigi makelele nyuma ya mukwe wake. Nafunga kinywa, naomba Mungu. Kumbe munasikia. Basi leo nakuambia: maharagi haina kosa. Iko miye njo niko naogopa."

Bwana Haraka akaninong'oneza, "Huyu mama nasema na gari?"

Athanase alikuwa amevua kofia. Naye akaligeukia gari, kwenye tairi la akiba, maana hakuthubutu kukaa upande wa taa aliko mama.

"Gari," akasema, "uambie Mama anisamehe. Niliuliza mapine, niliuliza moteri, niliuliza mpaka maharagi. Sikumuuliza yeye kama anaogopa."

Bwana Haraka alitaka uhakika, kwa hiyo mama na mimi tuliachwa kando ya njia, gari likashuka mbio na maharage yote mpaka kona ya chini, likarudi. Kimya kabisa. Mzungu alipofungua mlango alinyoosha mkono nimshike, ndipo akashuka. Kabla ya siku ile alikuwa hajawahi kuushuka mteremko ule ndani ya kamioneti yake mwenyewe.

"Mama abakie Karuba," Athanase alitangulia kusema, "ao mimi nishuke polepole. Bwana achague. Lakini mimi simuachi Mama."

"Polepole," akajibu Bwana Haraka upesi sana. "Mulima hii, polepole. Maharagi ya Karuba iko sawa."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akisema neno polepole. Baadaye Athanase aliniambia kwamba kwenye lile jaribio la mwisho, pale kona ilipokuwa kali, alisikia mmmmm tena, ila hii ilitoka kwenye kiti cha pembeni yake, na ilikuwa ya Kizungu.

Hivyo maharage yetu yakaendelea kushuka kwa gari. Mwaka uliofuata mshale wa mwendo ulivunjika, na mzungu hakununua mwingine. Athanase hakujali. Alikuwa akiacha gari lishuke mpaka bati nyuma ya kichwa chake lianze kuvuma, halafu anapunguza. "Mama njo mushale yangu," aliniambia. Hawakuwahi kuzungumza uso kwa uso, wale wawili. Mama akiwa na neno aliliambia gari pale Karuba, kuhusu wajukuu, kuhusu chumvi, hata mara moja kuhusu yule ng'ombe, na Athanase aliliambia tairi la akiba jibu lake. Hadi leo kwenye harusi za Lushebere yupo mjinga atakayeinama aweke sikio kwenye bakuli la maharage, na mimi naondoka kwenye meza.

Mama Dancille alitutoka karibu na mwisho wa miaka ile, kipindi cha mvua. Baada ya mazishi wanawake hawakuchagua mlinzi mwingine. Walisema sasa wananiamini, na hilo liliniuma kuliko walipokuwa hawaniamini.

Soko lililofuata tulipakia magunia, tukapita Mushaki, tukashika mteremko. Athanase alikuwa anaendesha kama kawaida, anasikiliza. Miti ilianza kupita upesi. Ikapita upesi zaidi. Mimi nikashika mlango.

"Athanase!" nikapiga kelele. "Freni!"

Alishtuka kama mtu aliyeamshwa. Breki zikalia, mchanga ukaruka, tukasimama kwenye ile ile kona. Alikaa ameshika usukani, ametega sikio kwenye bati, na bati halikuwa na kitu.

Akashuka. Nilidhani atafungua boneti. Alizunguka mpaka mbele, akavua kofia, na mara hii hakwenda kwenye tairi la akiba. Alisimama katikati ya zile taa mbili.

"Gari," akasema, "uambie Mama nimepunguza."