Kopo la Minyoo la Saliha

Mimi nauza ndagala kavu, dagaa wetu wa ziwani, natoka Uvira, na kanisani kwetu mjane akitaka kwenda sokoni wiki inayofuata hakuna wa kumzuia, labda miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo Shaabani alipofariki, na mkewe, jirani yangu Saliha, akaingia eda, nilidhani ni mambo ya siku chache. Kumbe ni miezi minne na siku zake. Tunakaa parcelle moja, yaani ua mmoja, hapa mtaa wa Buyenzi, mlango wake unatazamana na wangu, na asubuhi ile nilimwona akifunga pazia, amevaa nyeupe, uso umemkauka. Nilimlilia Shaabani kweli, lakini siku ile nilimlilia zaidi Saliha.

Shaabani alikuwa fundi wa injini za boti. Kuna tajiri mmoja anayepeleka samaki wa mapambo Ulaya, Shaabani alimfufulia injini iliyokuwa imeshindikana, na tajiri akamzawadia akwariamu, sanduku la kioo la kufugia samaki, yenye mkunga wa miiba ndani yake. Ni samaki mrefu wa rangi ya udongo, mgongo umepangwa vijiiba, pua yake inachezacheza kama kidole. Mchana kutwa anajizika kwenye mchanga, unaona pua tu. Wageni walikuwa wakikaa mbele ya kile kioo, wakisifia mchanga. Saliha hakumpenda hata kidogo. Alisema yeye aliolewa na fundi, hakuolewa na nyoka.

Sasa fundi amekwenda, nyoka amebaki, na yeye na Saliha wamefungiwa nyumba moja. Msinicheke kwamba namlinganisha mjane na samaki. Saliha mwenyewe ndiye aliyeanza, na alikuwa na haki ya kusema hivyo kuliko mimi.

Nyumba ile ina vyumba viwili na dirisha linalotazama ukuta. Saliha alizoea kutoka alfajiri kwenda soko la Jabe, kwenye meza yake ya vitenge aliyoipata kabla hata hajaolewa. Mtu wa namna hiyo ukimweka ndani, anaanza kubishana na redio. Alihamisha kabati, akalirudisha. Alifua mapazia yaliyokuwa safi. Nikirudi jioni ananishika mkono, anataka nimwambie nani ameuza, nani amegombana, vitenge gani vimeingia kutoka Uvira, na kubwa zaidi, meza yake ikoje. Nilimdanganya mwanzoni. Meza ya Jabe mwenyewe asipoonekana, mtu anaegesha ndoo juu yake, halafu vitunguu, halafu kitambo kidogo vitunguu vinageuka kuwa mwenye meza. Ndoo ilikuwa imeshafika.

Shemeji yake Ilias, mdogo wake marehemu, si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kumchukia. Alileta mchele, mafuta, makaa, bila kuombwa. Na alishaamua: eda ikiisha Saliha atahamia kwake Gasenyi, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu, akapumzike na mke wake na mabinti, asisumbuke tena na soko. Meza achukue mwingine. Alisema kwa upole sana, na familia nzima ikamshukuru. Saliha alitazama chini, na watu wakaona ni heshima. Mimi niliyekaa karibu naye niliona alivyokuwa akikunja upindo wa nguo yake, anaukunjua, anaukunja tena.

Basi mkunga akagoma kula. Saliha alikuwa amemtupia ndagala zangu, akamtupia ugali, akamtupia ini la kuku. Vyote vilioza juu ya mchanga. Ilias akaleta chakula cha dukani cha samaki, vidonge vya rangi, navyo vikaoza. Ndipo Saliha akakumbuka jinsi Shaabani alivyokuwa akifanya baada ya magharibi. Alikuwa akizima taa, akiuning'iniza mnyoo hai kwenye ncha ya kijiti, akiushusha taratibu karibu na ile pua, akisubiri. Samaki yule hali kitu kisichojitikisa, na hali mbele ya mwanga. Pua inageuka huku, inageuka kule, inanusa, halafu mnyoo unavutwa ndani kama tambi. Kijiti bado kilikuwa nyuma ya akwariamu. Lakini minyoo iko chini ya marundo ya majani ya kabeji nyuma ya soko la Jabe, na Saliha yuko ndani.

Nilijitolea kuileta mimi. Ilikuwa ni njia yangu, na minyoo si simba. Saliha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mama Divin, Ilias akikuuliza, sema unaogopaka minyoo."

Sikuelewa mara moja, lakini nilitii. Ilias aliponiuliza nilikunja mabega nikasema hata kuiona tu natapika. Mimi, niliyekulia Kavimvira, kule kule Uvira, nikichimba chambo cha kaka zangu. Ilias naye ana duka la vipuri tangu asubuhi hadi jioni, mke wake hataki hata kuisikia minyoo ikitajwa, na huyo hakuwa akiigiza. Saliha akawaomba ndugu wa mume wampigie simu mwalimu wake wa zamani wa madrasa, mzee ambaye kila mtu anamheshimu, simu iwekwe sauti ya wote.

Hakuuliza habari zake mwenyewe hata neno moja. Aliuliza habari za samaki. Kiumbe cha marehemu kimo mikononi mwangu, kinakufa njaa, nifanye nini? Mwalimu akamkumbusha yule mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie, kisa ambacho watoto wote wa madrasa wanakijua, na mwisho wake si mzuri. Kisha akasema kama kuna haja na hakuna mwingine wa kuitimiza, mjane hutoka mchana, asijipambe, na usiku alale nyumbani kwa mumewe. Akashangaa kwamba walikuwa hawajui. Chumba kizima kilikuwa hakijui. Walirithi kwa mama zao kwamba mjane hatoki, basi, na hakuna aliyewahi kuuliza. Ilias alikohoa, akasema sawa, kwa ajili ya samaki.

Saliha akatoka na kopo la maziwa ya unga mkononi. Mtaa ulimtazama, maana nguo nyeupe haijifichi. Katika wanawake waliokuwa kwenye mabaraza, mmoja akauliza anakokwenda, naye akainua kopo, akasema ni kwa ajili ya mnyama wa Shaabani, mwalimu amesema. Wakamwombea. Kutoka hapo kopo likawa ndiyo ruhusa yake. Alichimba nyuma ya soko, akapitia kwenye meza, akaondoa ndoo ya watu, akakaa kidogo na kopo lake mapajani bila kuuza kitu. Ilitosha kuonekana. Akirudi uso wake ulikuwa na uhai tena, na mkunga, kwa maneno yake, alinenepa.

Ikapita muda. Mimi nilianza kuuona mchaichai. Saliha ana vyungu vya mchaichai kwenye kona ya uani, mchaichai wa kawaida tu, mwembamba. Ghafla ukashika kasi, majani mapana, yanainama mpaka chini. Nilienda kukata kidogo kwa ajili ya chai, nikavuta shina, na udongo wote ukatembea. Sijawahi kuona minyoo mingi namna ile ndani ya chungu.

Nikaingia kwake bila hodi. Taa ilikuwa imezimwa, Saliha ameketi mbele ya kioo, kijiti kimelala magotini. Maji safi, mchanga umelala sawa. Hakugeuka. Aliniambia kwamba kwenye mfuniko, panapopita waya wa pampu, Shaabani alikuwa ameziba kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimeanza kunuka. Akakifua, akakianika. Mkunga akapenya usiku huo huo. Alimkuta nyuma ya kabati, amekauka, amejikunja, uso umeelekea mlangoni.

Nilimuuliza ilikuwa lini. Akasema zamani, Mama Divin. Akaanza kulia, na mimi nikalia, kwa ajili ya samaki niliyezoea kumwona pua tu. Hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu samaki akifa haja imekufa, mlango unafungwa, na meza inarudi kwa ndoo. Kwa hiyo kila siku alichimba, kila jioni alizima taa na kushusha mnyoo mmoja mbele ya mchanga mtupu, ili ndugu wa mume wakipita wasikie maji yakitikisika. Kisha minyoo yote akaipeleka kwenye vyungu. Nikamwambia aongeze vyungu. Sikuwa na ushauri mwingine, na sijutii.

Eda ikaisha. Asubuhi iliyofuata Ilias akaja na pick-up. Alitaka kuanza na akwariamu, maana alijua shemeji yake anavyomjali yule mnyama, na huko Gasenyi alikuwa ameshamtengenezea meza ya kuiwekea. Alinyonya maji kwa mpira mwenyewe, shati limelowa, kwa uangalifu, asimuumize. Akachambua mchanga kwa vidole. Akauchambua tena. Akatazama chini ya viatu vyake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitamani ardhi ifanye kazi yake, inimeze.

"Shemeji, ule mnyama alikufaka zamani," Saliha akasema. "Mwenye alikuwa na njaa ni mi."

Ilias alikaa kwenye kiti. Hakufoka. Alisema, kama mtu aliyeumia kweli, kwamba angemwambia tu, angemwambia anataka kutoka. Saliha akamjibu kwamba kama angemwambia hivyo, yeye Ilias angemletea televisheni. Ilias akatazama tena viatu vyake; televisheni ilikuwa Gasenyi tayari, ndani ya katoni yake. Mwishowe akasimama, akasema atarudi Ijumaa baada ya sala wazungumze vizuri, na pick-up ikaondoka tupu. Hakusema Gasenyi imefutwa. Hakusema meza ni yako. Alisema Ijumaa.

Saliha akabadilisha nguo. Alivaa kitenge cha buluu ambacho sikuwa nimekiona tangu msiba, akajitazama kwenye kile kioo kikavu, akavuka ua kwa haraka. Nilifurahi nikamfungulia geti. Kule nje wanawake walikuwa kwenye mabaraza yao. Akasimama. Akatazama mtaa, akanitazama, akarudi ndani mbio, akatoka na kopo.

Nikamwambia mnyama hayupo, eda hakuna, anachukua kopo la nini.

"Mutaa unajua hii kopo," akasema. "Mi peke yangu, bado haunijui."

Akalishika mbele yake kwa mikono miwili, tupu, akaenda Jabe.