Msoma mita aliyehesabu mbwa lango kwa lango

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, siku ya sita ya safari, mbwa watatu wameketi mbele ya lango la miti kama wateja waliowahi foleni. Hawabweki wala hawana haraka. Nyuma yao amesimama mwanamume mrefu mwenye kofia ya bluu iliyopauka, daftari mkononi, akijikuna shingo kwa kalamu.

"Hodi wenyewe!" anaita. "Samahani kwa kuwaamsha. Siuzi kitu, sidai kitu. Naomba kuuliza tu, hapa kwenu mna mbwa wangapi?"

Mama mwenye nyumba anatoka na mswaki mdomoni. Anawatazama mbwa mmoja mmoja, kisha anasoma maneno yaliyoshonwa kwenye kitambaa mgongoni mwa yule mkubwa: NATEMBEA KWA AJILI YA FRIJI. Anautoa mswaki ili acheke vizuri.

"Mbwa anataka friji? Kweli dunia imekwisha! Haya, andika wale wawili pale uani. Yuko na wa tatu yule, anajifanya wa jirani lakini chakula anakula hapa."

"Anayelisha ndiye mwenyewe, mama. Watatu. Wamechanjwa?"

"Chanjo? Hata zangu sikumbuki nilichanjwa lini."

Mwanamume anaandika tatu, anaandika sifuri, kisha analifunga daftari kwa nguvu. Pah! Mbwa wote watatu wanasimama kwa pamoja na kushika njia. Wamefika mbali kidogo mama yule anakuja mbio nyuma yao, mswaki ungali mkononi, na noti iliyokunjwa mara nne. "Ninyi mnakimbilia wapi? Mtu hajamaliza hata kuuliza friji ni ya nini!"

Friji ni ya zahanati, kilomita mia moja na kumi na mbili mbele. Anayeitafuta ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na katika mji mdogo anakofanya kazi anajulikana kwa jina moja tu, Bwana Mita. Kwa miaka ishirini na mmoja amekuwa akisoma mita za maji kwa miguu, nyumba mia moja na arobaini kwa siku. Mshahara ukiingia, kodi na ada za shule huuchukua kabla hajauzoea. "Kinachobaki ni cha kununulia sabuni na kucheka," anasema.

Kwa miaka kumi na mitano ya mwanzo aliwachukia mbwa kutoka moyoni. Waliwahi kumuuma mara nne. "Huu mguu una ramani," anasema akipandisha suruali, na ni kweli. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alifika mahali pa kushtuka hata akiona bakuli tupu mlangoni mwa mteja.

Kisha siku moja, miaka sita iliyopita, alifungua mfuniko wa shimo la mita katika uchochoro fulani. "Niliinama nisome mita, nikakuta macho mawili yananisoma mimi," anasimulia. Kilikuwa kitoto cha mbwa kilicholowa hadi masikioni. Alirudisha mfuniko, akakimbia mpaka nyumba ya tatu, halafu aibu ikamshika na kumrudisha. Jioni hiyo aliingia nyumbani akiwa amekibeba kwenye mfuko wa kazi.

Mke wake, fundi cherehani asiyeishiwa maneno, alikipa jina la Koki. Miaka miwili baadaye Koki alipozaa, mke huyo akawabakiza watoto wawili, Bili na Risiti. "Hivyo ndivyo vitu anavyoniletea nyumbani kila siku," anasema. "Heri hivi vina mikia."

Tangu hapo mbwa huenda naye kazini. Hakuwafundisha lolote, walijifundisha wenyewe. Akifika kwenye lango wao huketi nje. Yeye huingia, husoma, huandika, kisha hulifunga daftari lake lenye jalada gumu, pah, nao husimama kwenda nyumba inayofuata. Msimamizi wake alimwambia kwamba mamlaka ya maji haina mbwa kwenye orodha ya watumishi. Lakini mbwa wa wateja walipoacha kumgusa msomaji mwenye walinzi watatu, msimamizi naye aliacha kusema.

Habari ya friji ilianza miezi minane iliyopita, simu ilipoingia kutoka kwa mdogo wake wa kike, muuguzi katika zahanati ya kijiji walikozaliwa. Binti ya muuguzi huyo, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa ameumwa na mbwa mgeni aliyekuwa akitokwa na mate. Zahanati haikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa hata chupa moja, kwa kuwa friji ya kuihifadhi ilikufa zamani na sasa inatunza mafaili. Muuguzi alimfunga mwanawe mgongoni, akapanda pikipiki hadi hospitali kubwa, kilomita sitini na nne. Alirudia safari hiyo mpaka sindano zikaisha.

Mtoto alipona. Ila tangu siku hiyo, akisikia mbwa akibweka hata mbali, huingia chini ya kitanda.

"Mimi nilikuwa na pikipiki na nilijua la kufanya," muuguzi anasema. "Nikawa nawaza yule ambaye hana na hajui. Nikampigia kaka yangu nikalia. Halafu nikamwambia, 'Kaka, una mbwa watatu wanazunguka tu mitaani bure. Hebu wafanye kazi ya maana.'"

Aliyasema kama utani, lakini kaka yake hakuyachukua hivyo. Friji ya chanjo ya kutumia nguvu ya jua ingegharimu mishahara yake kumi na minne. Alikuwa na likizo ya siku kumi. Kutoka mlangoni kwake hadi zahanati ni kilomita mia moja na tisini kwa njia za mashambani, kwa hiyo akaamua kuzitembea na mbwa wake, na kuomba watu wachangie. Daktari wa mifugo aliwapima mbwa na kuwaruhusu. Mke akashona vitambaa vya mgongoni na soksi kumi na mbili za miguu, ambazo Risiti alizila siku ya kwanza.

Ahadi kubwa ilitoka kwa mwenye duka la pampu, mtu mwenye ulimi mkali na mkono mzito kufunguka. Alisema atalipa nusu ya bei, mradi msoma mita na mbwa wote watatu wafike kwa miguu yao kabla ya jua kuzama siku ya kumi. "Na nitakuwepo," alisema. "Mpaka mlangoni. Si kwenye kona, si karibu na mlango. Mlangoni."

Wakaondoka kwa shangwe. Kwenye nyumba ya kwanza ya mashambani, mbwa wakaketi langoni.

Bwana Mita akawaita. Akawabembeleza kwa mkate. Akaimba. Akambeba Risiti nusu kilomita, akageuka na kukuta Koki na Bili wangali pale pale wakimtazama kwa huruma. Hatimaye walikuwa wakiinuka kwa kuvutwa, kisha wanaketi tena kwenye lango linalofuata. Kufikia jioni ya tatu walipaswa kuwa wametembea kilomita hamsini na saba. Walikuwa wametembea thelathini na sita.

"Nilikaa kwenye jiwe nikaona friji inakwenda zake," anasema. "Nikampigia mke wangu nimwambie nimeshindwa."

Mke alisikiliza, kisha akauliza swali moja. "Daftari uko nalo?"

"La nini? Si niko likizo?"

"Wewe uko likizo. Wao umewaambia? Wanasubiri ulifunge, mume wangu!"

Asubuhi ya nne, kabla ya kitu kingine chochote, alinunua daftari lenye jalada gumu kwenye kibanda cha duka. Kwenye lango la kwanza mbwa wakaketi. Angeweza kulifungua na kulifunga tu, akaenda zake. Mtu mwingine yeyote angefanya hivyo.

Lakini mtu huyu ana jambo lake. Zamani, akiwa mgeni kazini, mwenzake mmoja alikuwa akikaa kwenye kibanda cha chai na kukadiria mita bila kuziona. Mama mmoja mjane akaletewa bili ya maji ambayo hakuwahi kuyanywa, na aliyemkabidhi karatasi hiyo alikuwa Bwana Mita. Hajamsahau uso wake. "Tangu siku ile sikadirii," anasema. "Nikifungua daftari naandika kitu nilichokiona. Nikilifunga bila kuandika, nimemdanganya Koki, na Koki hajawahi kunidanganya."

Basi akapiga hodi na kuuliza swali la kwanza lililomjia kichwani, hapa mna mbwa wangapi? Akajibiwa, akaonyeshwa, akaandika, akafunga. Pah! Mbwa wakasimama.

Kuanzia hapo mambo yaligeuka. Mtu akiulizwa habari za mbwa wake hachoki kueleza, na akishaeleza huuliza nawe mbwa wako wanakwenda wapi. Wengine walitoa noti, wengine sarafu, wengine walipiga simu kwa shemeji zao wa kijiji cha mbele: "Kuna mtu anakuja na mbwa watatu wenye nguo. Usifunge lango!" Mzee mmoja alikabidhi sarafu mbili akisema kutoa ni moyo, kisha akadai Bili apewe maji kabla ya watu kupewa. Walilala kwenye madarasa ya shule na vibarazani, na kila jioni Bwana Mita alipiga magoti kukagua miguu kumi na miwili kabla ya kuangalia malengelenge yake mwenyewe.

Siku ya nane waliingia kwenye msitu wa misonobari, kilomita thelathini na moja bila lango hata moja. Mbwa hawakuwa na pa kuketi. Walichapa mwendo mikia juu, na aliyekuwa akibembeleza sasa akawa ndiye anayebembelezwa. "Nilikuwa nahema huku nacheka," anasema. "Deni lote la njia tulililipa mle msituni."

Siku ya kumi, saa kumi na moja na nusu jioni, wanatokea kwenye barabara ya zahanati. Watu wamejipanga pande zote mbili wakipiga vigelegele. Mwenye duka la pampu amesimama kizingitini, macho kwenye saa. Jua limebakiza kidole kimoja juu ya mlima. Bado hatua ishirini.

Wanafika kwenye lango la zahanati, na mbwa wanaketi.

Kicheko kinachopasuka hapo kinawatoa hata wagonjwa vitandani. Bwana Mita anafungua daftari. Umebaki mstari mmoja.

"Hodi wenyewe," anasema kwa sauti iliyokauka. "Hapa mna mbwa wangapi?"

"Kaka, na mimi unanisoma?" Muuguzi anacheka huku machozi yanamtiririka. Nyuma ya sketi yake kimechungulia kichwa cha mtoto. "Hakuna mbwa hapa."

"Sifuri. Friji?"

"Moja!" umati unaitikia. "Andika moja!"

"Andika moja bwana, jua linazama!" anafoka mwenye duka. "Iko dukani kwangu, Alhamisi inakuja."

Bwana Mita anainua kichwa. "Nimeiona? Basi leo ni sifuri. Mimi sikadirii." Anaandika. Kisha, badala ya kulifunga daftari, anachuchumaa na kulinyoosha kuelekea nyuma ya sketi. "Mpwa wangu, mjomba amechoka mikono. Hawa hawatainuka mpaka lifungwe. Nisaidie."

Mtoto anamtazama mama yake. Anawatazama mbwa, ambao wametulia tuli wakisubiri kazi iishe. Anatoka hatua moja, ya pili, anashika majalada kwa mikono yote miwili.

Pah!

Mbwa watatu wanasimama, wanapita mbele yake taratibu, wanampita mwenye duka, wanavuka kizingiti, Bwana Mita nyuma yao. Koki anajilaza kwenye sakafu ya baridi na kuguna. Mtoto ameganda pale pale, mdomo wazi. "Wamenisikia," anasema.

Mwenye duka alitoa nusu yake hapo hapo, akilalamikia vumbi lililomwingia machoni. Nusu nyingine malango yalikuwa yameshaitimiza. Bwana mifugo wa eneo hilo, aliyekuja kushangaa tu kama wengine, aliliomba daftari na kuanza kulisoma amesimama, kisha akatafuta kiti. Malango mia nne na kumi na manane. Mbwa mia saba na watatu. Waliochanjwa, hamsini na wawili.

"Miaka saba naomba chanjo za mbwa," alisema. "Kila mwaka naulizwa wako wangapi, na kila mwaka najibu, wengi." Alinakili kurasa zote jioni hiyo hiyo.

Jumatatu Bwana Mita anarudi kazini, nyumba mia moja na arobaini kama kawaida, na likizo ijayo anataka kuipita njia ile ile tena, lango kwa lango, aone sifuri ngapi zimeondoka. "Mita haisomwi mara moja ukasema umemaliza," anasema.

Ila daftari hakuondoka nalo. Amemwachia mpwa wake, pamoja na kalamu. Alhamisi friji ikishushwa, mtoto ndiye atakayeikata ile sifuri ya friji na kuandika moja kwenye mstari ule wa mwisho, kwa sharti kwamba kwanza aione kwa macho yake, aufungue mlango, auguse ubaridi kwa mkono.

"Na nikimaliza nalifunga kwa nguvu," mtoto anaahidi. "Koki asikie hadi kwao."